Barua pepe ni zana ya shetani

Thomas Hofeller alikuwa fundi wa kuchora mipaka ya maeneobunge huku Marekani. Aliwachorea Warepublikan kwa miongo kadhaa, na katikati ya shughuli hizo alizunguka akiwafunda wabunge wa majimbo namna ya kuchora ramani itakayosimama mahakamani. Kwenye slaidi zake za mafunzo mlikuwa na onyo fupi ambalo nimelikariri: barua pepe ni zana ya shetani. Ongea, piga simu, kutaneni chumbani mkiwa wawili, lakini sababu iliyoufanya mstari upite hapa usipite pale isibaki imeandikwa mahali.

Mimi naishi Greensboro, North Carolina, mji ambao Kiswahili utakisikia dukani na kwenye foleni ya kliniki kwa sababu ya Wakongomani wengi walioletwa hapa kama wakimbizi. Mstari mmoja wa Hofeller ulipita mjini kwetu. Ramani ya mwaka 2016 ilikipasua chuo kikuu cha North Carolina A&T, ambacho ndicho kikubwa kuliko vyuo vikuu vyote vilivyoanzishwa kwa ajili ya Watu Weusi nchini. Mpaka ulifuata mtaa wa Laurel: upande huu eneobunge la 6, ng'ambo ya barabara eneobunge la 13. Mwanafunzi aliweza kuamka asubuhi kwa mbunge mmoja, akavuka barabara na kuingia darasani kwa mbunge mwingine, wote wawili Warepublikan ambao hawakuwa na haja na kura yake. Ni chuo kilekile walikotoka vijana wanne, Ezell Blair, David Richmond, Franklin McCain na Joseph McNeil, ambao tarehe 1 Februari 1960 walikaa kwenye kaunta ya chakula ya duka la Woolworth, wakaagiza, wakanyimwa, na wakakataa kuinuka. Duka hilo sasa ni makumbusho, na wageni wanaofika kwangu huwa nawapeleka. Mtaa wa Laurel siwapeleki, maana hakuna cha kuona: lami, magari yaliyoegeshwa, wanafunzi wenye mabegi.

Hofeller alifariki Agosti 2018. Binti yake, Stephanie, ambaye hawakuwa wakipatana, alikwenda kwa mama yake akakuta diski na flashi za baba. Habari hiyo ikawafikia watu wa shirika la Common Cause, waliokuwa wanaishtaki North Carolina juu ya ramani, na mawakili wao wakazipata kwa amri ya mahakama. Zilikuwa faili zaidi ya 75,000. Mtu aliyewaonya wenzake wasiandike kitu, yeye mwenyewe alikuwa hafuti kitu. Humo mlikuwa na takwimu za kina za rangi za wapiga kura, zikiwemo za wanafunzi wa vyuo. Wabunge walikuwa wameiambia mahakama kwamba walipochora upya mwaka 2017 hawakutazama rangi ya mtu. Mawakili wa upande wa pili wakasema faili hizi zinawasuta. Septemba 2019 majaji watatu wa mahakama ya jimbo walizifuta ramani za bunge la jimbo, kwa hukumu ya kurasa zaidi ya 350.

Nimeanza na Hofeller kwa makusudi. Nimezifuata kesi hizi tangu nilipopata uraia, na kila nikichimba narudi palepale: karibu zote zinageuka kuwa upelelezi wa nia. Hakimu anaambiwa atafute kilichokuwa moyoni mwa mtunga sheria. Sheria ikishajengwa hivyo, mtunga sheria hujifunza kwa kasi kuliko hakimu.

Zamani hapakuwa na haja ya kuficha. Mwaka 1898 Wazungu wenye silaha mjini Wilmington, pwani ya jimbo hili, waliipindua serikali ya mji iliyochaguliwa kihalali, wakaua Watu Weusi na kuwafukuza viongozi wao. Miaka miwili baadaye katiba ya jimbo ikawekewa mtihani wa kusoma na kuandika kwa anayetaka kujiandikisha, pamoja na mlango wa uani: kama baba au babu yako alikuwa na haki ya kupiga kura kabla ya mwaka 1867, mtihani haukuhusu. Nani alikuwa na babu wa namna hiyo, nadhani unamjua. Maneno ya sheria hayakutaja rangi hata mara moja; walioipigia debe waliitaja majukwaani bila aibu. George Henry White, mbunge Mweusi wa mwisho kutoka jimbo hili enzi hizo, aliondoka Washington mwaka 1901, na hakupatikana mwingine hadi uchaguzi wa 1992. Mwaka 1970 wananchi waliulizwa kwa kura kama kifungu cha mtihani kifutwe katika katiba ya jimbo. Wakakataa.

Mtihani wenyewe ulikuwaje? Rosanell Eaton aliwahi kuusimulia. Alikuwa binti wa kaunti ya Franklin, mwenye miaka ishirini na kitu, mwanzoni mwa miaka ya 1940, alipopanda mkokoteni wa nyumbu kwenda mahakama ya kaunti mjini Louisburg kujiandikisha. Alikuta wanaume watatu Wazungu. Wakamwambia asimame wima, mikono ubavuni, macho mbele, halafu atoe kwa kichwa dibaji ya Katiba ya Marekani. Akaitoa yote. Walipoona hivyo, wakampa na wa kuandika, akafaulu pia, akawa mmoja wa Weusi wachache wa kaunti ile waliomo kwenye daftari. Shika jina lake, maana zaidi ya miaka sabini baadaye alirudi mahakamani.

Kilichoubadilisha mchezo ni Sheria ya Haki za Kupiga Kura ya 1965, hasa kifungu chake cha 5. Majimbo na kaunti zenye rekodi mbaya, zikiwemo kaunti 40 kati ya 100 za North Carolina, hazikuruhusiwa kubadilisha chochote cha uchaguzi, hata kuhamisha kituo kutoka shule hii kwenda kanisa lile, mpaka zipate idhini ya Wizara ya Sheria au ya mahakama ya Washington. Uzuri wake ulikuwa katika nani abebe mzigo. Kwa kawaida anayelalamika ndiye anayethibitisha; hapa serikali ndiyo iliyotakiwa kuthibitisha kwamba haimdhuru mtu, tena kabla ya kuanza. Katika kesi ya kawaida, hata ukishinda, uchaguzi umekwisha kupita, aliyeapishwa ameapishwa, na kura yako ya mwaka ule hairudi.

(Sisi Wakenya tumezoea Mahakama ya Juu kupewa siku 14 kuamua kesi ya urais. Mwaka 2017 siku hizo zilitosha kuufuta uchaguzi mzima. Huku, maeneobunge ya 2011 yaliyochorwa kwa rangi yalitumika katika chaguzi za 2012 na 2014 kabla ya mahakama kuyasimamisha mwaka 2016. Nikiwaeleza jamaa wa Mombasa hawaniamini.)

Tarehe 25 Juni 2013, katika kesi ya kaunti ya Shelby, Alabama, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kura 5 dhidi ya 4 kwamba kanuni ya kuchagua nani asimamiwe imepitwa na wakati. Kifungu cha 5 kikabaki kwenye kitabu bila wa kukitumia. North Carolina haikungoja hata kiti kipoe. Siku iliyofuata seneta mmoja wa uongozi pale Raleigh, makao makuu ya jimbo, Tom Apodaca, alitangaza kwamba sasa wanaweza kwenda na "muswada kamili". Muswada wa kumtaka mpiga kura aonyeshe kitambulisho, uliokuwa kurasa 16, ukarudi na kurasa 57.

Hapa ndipo ningependa msomaji akae nami kidogo, maana hii ndiyo kesi iliyonifanya nianze kusoma hukumu usiku badala ya kulala. Kabla ya kuuandika upya, wabunge waliomba takwimu: Weusi wanatumia vitambulisho gani, wanapiga kura lini, wanajiandikisha vipi. Walipozipata, wakakata. Siku za kupiga kura mapema zikashuka kutoka 17 hadi 10, na kwa mtindo huo Jumapili moja ikapotea, siku ambayo makanisa ya Weusi hupakia waumini kwenye mabasi na kuwapeleka vituoni baada ya ibada. Kujiandikisha na kupiga kura siku hiyohiyo kukafutwa. Kura ya mtu aliyekwenda kituo kisicho chake lakini ndani ya kaunti yake ikawa haihesabiwi. Kuwaandikisha mapema vijana wa miaka 16 na 17 kukafutwa. Kwenye orodha ya vitambulisho wakaacha leseni ya udereva, pasipoti na kadi za jeshi, wakaondoa kadi za msaada wa serikali, za wafanyakazi wa serikali na za wanafunzi wa vyuo vya umma. Rosanell Eaton, sasa bibi wa miaka tisini na kitu, akagundua kwamba jina lililomo kwenye leseni yake halifanani herufi kwa herufi na lile la kwenye daftari. Akaanza safari za ofisi hii na ile, benki, leseni, bodi ya uchaguzi, mwisho akaungana na walioshtaki.

Mahakama ya Rufaa ya shirikisho ya Kanda ya Nne ilitoa hukumu tarehe 29 Julai 2016. Jaji Diana Gribbon Motz aliandika kwamba vifungu vile viliwalenga Wamarekani Weusi "kwa usahihi unaokaribia wa kisu cha upasuaji". Ila kilichoimaliza serikali ni maandishi yake yenyewe. Katika kuitetea hatua ya kukata Jumapili, jimbo lilieleza kwamba kaunti zilizofungua vituo Jumapili mwaka 2014 zilikuwa na Weusi wengi kupita kiasi, na Wademokrati wengi kupita kiasi. Waliandika hivyo, wakakabidhi mahakamani. Majaji walisema ushahidi wa wazi zaidi ya huo ni shida kuupata katika zama hizi. Bibi Eaton aliiona siku hiyo. Alifariki Desemba 2018 akiwa na miaka 97.

Sasa nije kwenye swali ambalo kila Mswahili huniuliza: kwani kitambulisho kina shida gani? Kwetu Kenya hakuna anayefika kwenye meza ya karani bila kitambulisho cha taifa au pasipoti. Tanzania unakwenda na kadi ya mpiga kura yenye picha yako. Kwa Mkongomani ndiyo kabisa, maana kwa miaka mingi kadi ya mpiga kura ndiyo imekuwa kitambulisho chake cha kila kitu, benki, polisi, kila mahali. Kwa macho yetu, mtu anayelalamikia kitambulisho anaonekana ana lake jambo.

Tofauti ni kwamba Marekani haina kitambulisho cha taifa. Hakuna afisa anayekusubiri ufikishe miaka 18 akupe kadi. Watu wengi hujitambulisha kwa leseni ya udereva, na asiyeendesha gari ajipange mwenyewe. Kwa hiyo orodha ya kadi zinazokubaliwa ni uamuzi wa kisiasa kuanzia juu hadi chini. Texas, katika sheria yake ya 2011, kibali cha kubeba bastola kilikubaliwa na kadi ya mwanafunzi ikakataliwa. Na sisi watu wa Pwani tusijifanye hatujui mambo haya. Muulize Mnubi wa Kibera au Msomali wa Garissa kuhusu kamati za wazee zilizokuwa zikimchunguza mtu kabla ya kupewa kitambulisho, akiwa amezaliwa hapohapo na babake amezaliwa hapohapo. Kadi inaweza kuwa bure na bado njia ya kuifikia ikawa na miiba kwa watu fulani tu.

Sheria ya sasa ya North Carolina ni laini kuliko ile ya 2013, hilo nalisema waziwazi. Bodi ya kaunti inakutolea kadi ya picha bila malipo. Usipokuwa na kitu, unajaza fomu ya kueleza kwa nini huna, unapiga kura ya muda, halafu bodi inaipitia. Lakini nenda nayo kituoni uone. Nilimsindikiza mzee mmoja wa Fizi, Kongo, wa miaka ya sabini, aliyepitia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma kabla ya kuletwa hapa. Tarehe yake ya kuzaliwa ni 1 Januari, kama ya nusu ya wenzake, kwa sababu karani wa kambi alihitaji kuandika kitu. Aliacha kuendesha gari, leseni yake ilikuwa imekufa zaidi ya mwaka. Karani wa kituo akaitazama, akatikisa kichwa.

"Mwanangu, anasema nini?" mzee akaniuliza.

"Anasema leseni imeisha muda, Mzee."

"Na mimi nimeisha muda?"

Nilicheka, lakini nilikuwa nimeisoma sheria. Mtu wa miaka 65 na zaidi anaruhusiwa kutumia kitambulisho kilichokwisha muda, mradi siku alipotimiza 65 kilikuwa bado hai. Nikamwomba karani amwite msimamizi. Msimamizi akaja na kitabu chake, akapekua, akapiga hesabu kwa kidole kutoka hiyo Januari mosi ya kubuni ya Nyarugusu, akasema sawa. Mzee akapewa karatasi yake. Wote walikuwa wapole, sina la kumlaumu yeyote. Ninachojiuliza ni wangapi huondoka kimya wakishatikisiwa kichwa mara moja.

Sheria hiyo laini ilitungwa Desemba 2018, baada ya wananchi kuipitisha hoja ya kitambulisho kwenye katiba ya jimbo, na gavana Roy Cooper aliyeikataa akapitwa na kura za bunge. Jaji wa shirikisho aliisimamisha mwisho wa 2019. Mwaka uliofuata mahakama ileile ya Kanda ya Nne ikamrudi: huwezi kulihukumu bunge la 2018 kwa dhambi za 2013, sharti uanze kwa kudhani lina nia njema. Kisheria naielewa hoja hiyo. Lakini wengi waliokaa kwenye viti vile mwaka 2018 walikuwa walewale wa 2013, na safari hii hapakuwa na mtu aliyeandika kuhusu Jumapili.

Kwenye ramani, kichaka cha kujificha kina jina: chama. North Carolina Weusi wengi mno huchagua Wademokrati. Kwa hiyo ukitaka kuwapunguzia Wademokrati viti na ukitaka kuwapunguzia Weusi viti, kalamu inapita njia moja. Ukikamatwa kwa rangi umevunja Katiba. Ukisema ni chama, unaenda nyumbani.

Na wa kwanza kunufaika na kisingizio hicho hapa kwetu hawakuwa Warepublikan. Mwaka 1992 bunge la jimbo lililokuwa mikononi mwa Wademokrati lilichora eneobunge la 12, lenye wapiga kura Weusi wengi, refu kama kilomita 260, likifuata barabara kuu ya 85 kutoka Gastonia mpaka Durham. Sehemu nyingi upana wake ulikuwa barabara yenyewe. Mbunge mmoja alitania kwamba ukipita na gari milango yote miwili ikiwa wazi, utawamaliza karibu wakazi wote, na mzaha huo ukaingia kwenye hukumu ya Mahakama ya Juu ya 1993, kesi ya Shaw dhidi ya Reno. Jaji Sandra Day O'Connor alisema ramani ya namna hii, isiyoelezeka ila kwa rangi, inaweza kushtakiwa hata kama imewasaidia Weusi. Likachorwa upya, likarudi mahakamani, na mwaka 2001, kwa kura 5 dhidi ya 4, likapona. Utetezi wa jimbo ulikuwa nini? Kwamba walitafuta Wademokrati, hawakutafuta Weusi.

Warepublikan waliposhika bunge la jimbo wakalichukua eneobunge hilohilo, wakaongeza Weusi wenye umri wa kupiga kura kutoka asilimia 43.8 hadi 50.7. Kuwarundika mahali pamoja ni njia ya kuwapunguza kwingine: wanashinda kiti kimoja kwa kishindo, kura zao zinazobaki hazina kazi. Nao wakajitetea kwamba ni chama. Mwaka 2017 Jaji Elena Kagan aliwakatalia, na sababu moja ilikuwa mji wetu. Wenyeviti wa kamati walikuwa wameeleza kwa maandishi kwamba idadi ya Weusi katika eneo la 12 ilipandishwa kwa sababu ya kaunti ya Guilford, ambamo Greensboro imo. Maandishi tena!

Hapo somo la Hofeller likaeleweka vizuri. Walipoagizwa kuchora upya Februari 2016, mbunge David Lewis alisimama kwenye kamati akasema anapendekeza ramani ya kuwapa Warepublikan viti 10 na Wademokrati 3, kwa sababu haamini kwamba inawezekana kuchora ya 11 kwa 2. Aliyasema mbele ya vipaza sauti. Watu walishangaa kiburi chake, mimi naona alikuwa mwerevu kuliko wote chumbani. Kusema chama kwa sauti kubwa kulikuwa kinga ya kutoshtakiwa kwa rangi, na ndiyo ramani iliyokipasua A&T. Juni 2019, katika kesi ya Rucho, Mahakama ya Juu ikaamua, 5 kwa 4, kwamba upendeleo wa chama katika mipaka hauhukumiki katika mahakama za shirikisho. Mwaka 2024, katika kesi ya South Carolina, ikaongeza: anayedai rangi atenganishe mwenyewe rangi na chama, na huku bunge likidhaniwa lina nia njema. Kutenganisha hivyo ni kazi ya kuchuja chumvi kutoka kwenye mchuzi uliokwisha kuiva.

Mahakama za jimbo zilibaki. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ya North Carolina, Wademokrati 4 kwa 3, ilifuta ramani za upendeleo, na uchaguzi uliofuata ukaleta viti 7 kwa 7, jambo la kawaida katika jimbo linalogawanyika karibu nusu kwa nusu. Desemba mwaka huo ikafuta sheria ya kitambulisho. Lakini majaji hapa huchaguliwa kwa kura, na Novemba Warepublikan walikuwa wameshinda viti viwili. Januari 2023 mahakama ikawa 5 kwa 2 upande wa pili. Kesi zote mbili zikasikilizwa upya, na tarehe 28 Aprili 2023, siku moja, hukumu zote mbili zikageuzwa. Katiba ileile, ushahidi uleule. Kitambulisho kikaanza kudaiwa katika chaguzi za miji mwaka huo, na ramani mpya ikatoa viti 10 kwa 4 mwaka 2024. Guilford iligawanywa vipande vitatu. Kathy Manning, aliyekuwa mbunge wetu, aliona hesabu hazitoki, hakugombea tena.

Oktoba 2025 Warepublikan wakachora tena, bila sensa mpya, bila amri ya mahakama, kuwanyang'anya Wademokrati eneobunge la 1 la kaskazini mashariki, linaloshikiliwa na Don Davis. Ni kona ambayo tangu 1992 imechagua wabunge Weusi mfululizo, palepale alikotoka George Henry White. Viongozi wa Seneti walitamka wazi kwamba lengo ni kiti kimoja zaidi cha Republican, na kwamba takwimu za rangi hawakuzitumia kabisa. Gavana Josh Stein hakuweza kuzuia, kwa sababu katika jimbo hili gavana hana kura ya turufu juu ya ramani. Novemba, majaji watatu wa shirikisho waliruhusu ramani itumike 2026.

Ndiyo maana siku hizi mimi hukazia macho uchaguzi ambao hauna ramani ya kupindisha, ule wa jimbo zima. Warepublikan waligundua hilo kabla yangu. Mwaka 2024 Jaji Allison Riggs, aliyewahi kuwa wakili wa haki za kupiga kura na aliyesimama Washington kwenye kesi hiyo ya Rucho, alitetea kiti chake cha Mahakama ya Juu ya jimbo akashinda kwa kura 734. Mpinzani wake, Jefferson Griffin, akadai kura zaidi ya 65,000 zitupwe. Nyingi zilikuwa za watu ambao rekodi zao za kujiandikisha hazikuwa na namba ya leseni au ya hifadhi ya jamii, ingawa walionyesha kitambulisho kituoni. Wazazi wa Riggs mwenyewe walikuwamo kwenye orodha. Nilitafuta majina ya watu wetu humo usiku mzima, nikakuta ya kutosha: majina matatu yaliyobanwa yakawa mawili, ukoo uliowekwa mahali pa jina la kwanza, makosa ya karani ambayo mwenyewe hajui kama yapo. Kesi iliendelea hadi Mei 2025, jaji wa shirikisho alipoamua kura zihesabiwe kwa kanuni zilizokuwapo siku ya uchaguzi, na Griffin akakubali yaishe.

Novemba 2026 ni zamu ya kiti cha Anita Earls, jaji Mweusi ambaye kabla ya kuvaa joho aliendesha nyingi ya kesi hizi kama wakili. Anapingwa na Sarah Stevens wa Republican. Nafasi za majaji huwekwa mbali chini kwenye karatasi ya kura, na watu wengi huchoka kabla hawajazifikia. Kwa walio Guilford: wenye leseni iliyokufa baada ya wao kutimiza miaka 65 waje nayo hivyohivyo, na msikubali kuondoka kabla msimamizi hajafungua kitabu.